Redis Imerudi, Lakini Hati ya Nyumba Anayo Nani?

Tangu kampuni ya Redis, yenye hifadhidata ya jina hilohilo, itangaze mwezi Mei 2025 kwamba imerejea kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, kila ninapokutana na watu wa fani hii nasikia simulizi ileile: kampuni ilijaribu kufunga mlango, watu wakahama, kampuni ikanywea, sasa mambo shwari. Wapo waliolifanya jambo hili kanuni kabisa: ukitaka mradi wako usinyonywe na matajiri wa wingu, zile kampuni kubwa zinazokodisha seva mtandaoni, weka leseni ya AGPL, kalale. Naona wote wamesoma nusu ya karatasi. Leseni inamweleza mtumiaji anaruhusiwa kufanya nini na msimbo alionao leo. Mwenye msimbo anaweza kufanya nini na toleo la kesho, hilo haisemi. Jibu lake limo kwenye hakimiliki: nani anaishika, na wachangiaji wengine walikubali nini walipoleta kazi zao. Anayechagua leseni bila kugusa hapo amefanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Ni kama kupanga nyumba Sinza. Mpangaji atabishana mpaka jasho limtoke kuhusu kodi ya miezi sita, LUKU ya kuchangia na nani anamlipa mtu wa majitaka, ila hati ya nyumba haulizi. Aliyemwonyesha chumba ni dalali, anayepokea kodi ni shemeji, mwenye nyumba yuko Muscat. Mkataba wake ni halali na utaheshimiwa mpaka siku ya mwisho. Siku ya kuusaini upya ndipo atajua alikuwa anaongea na nani.

Turudi kwenye kilichotokea, maana kinasimuliwa kwa kurukaruka. Redis ni hifadhidata inayokaa kwenye RAM ya seva, ile inayofanya ukurasa ufunguke upesi bila kwenda kuchimba diski kila mara. Salvatore Sanfilippo, Mtaliano, aliitoa mwaka 2009 kwa leseni ya BSD yenye vifungu 3, ambayo kwa Kiswahili cha mtaani inasema hivi: chukua, tumia, badilisha, uza ukitaka, ila tangazo la hakimiliki liache mahali pake, usilitumie jina langu kujitangazia, na ikikuharibikia usinishtaki. Alifadhiliwa na VMware, kisha Pivotal, halafu mwaka 2015 akaenda Redis Labs, ambayo leo inaitwa Redis, kampuni ambayo haikuibuni Redis bali ilijenga biashara juu yake. Mwaka 2018, ilipobadilisha leseni za moduli za pembeni, kampuni iliwahakikishia watu kwamba kiini chenyewe kitabaki BSD. Sanfilippo akaachia uongozi mwaka 2020, usimamizi ukaenda kwa kamati ya watu 5: 3 wa kampuni, mmoja wa Amazon, mmoja wa Alibaba. Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ikatangaza kwamba kuanzia toleo 7.4, BSD basi, mahali pake zinakuja leseni 2 zenye masharti makali zaidi. Siku 8 baadaye Linux Foundation ikatangaza Valkey, mradi pacha uliochipuka kwenye Redis 7.2.4, ukiungwa mkono na Amazon, Google, Oracle na Ericsson.

Watu wanalisoma tukio hili kama usaliti na kisasi, na kweli lina harufu hiyo. Lakini angalia mlango uliotumika. Kampuni ilifunga matoleo yake mapya bila kumwomba mchangiaji yeyote ruhusa, kwa sababu BSD inamruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo na kuuweka ndani ya bidhaa yenye masharti makali zaidi. Na waliohama waliondoka na mradi mzima, historia yake yote, bila kuomba ruhusa pia, kwa sababu BSD inamruhusu mtu yeyote kunakili na kuendelea. Mlango ni mmoja, kila upande umeupitia kwa zamu yake. Toleo la 7.2.4 ni la BSD mpaka leo na litabaki hivyo, maana leseni iliyokwisha kutolewa haivutwi nyuma. Kilichobadilika ni matoleo yaliyofuata tu.

Sasa linganisha na hali ya baada ya Mei 2025. Redis 8 imeongeza AGPL, toleo la 3, kama chaguo la tatu pembeni ya zile leseni 2 za 2024. AGPL ni leseni ya nipe nikupe: ukiibadilisha programu na kuwahudumia watu kupitia mtandao, uwape na msimbo wa mabadiliko yako. Ni leseni huria halali, haina tatizo. Ila anayechangia Redis sasa anakubali pia mkataba wa mchangiaji, unaoipa kampuni haki pana juu ya alichoandika. Piga hesabu. Enzi ya BSD, mtu yeyote angeweza kuchukua kazi ya wote na kuifungia ndani ya bidhaa yake. Enzi ya AGPL pamoja na mkataba, anayeweza kufanya hivyo ni mmoja tu. Sisi wengine tumefungwa na nipe nikupe, na mwenye nyumba hajafungwa na chochote. Anayesema mambo yamerudi yalivyokuwa kabla ya Machi 2024 ameangalia jina la leseni akafunga ukurasa.

Mpango huu si mgeni wala si wa kihuni. Hifadhidata ya MySQL iliishi nao miaka mingi: asiyetaka kulipa achukue kwa GPL, leseni ndugu ya AGPL inayomtaka anayesambaza programu atoe na msimbo wake, asiyetaka masharti ya GPL alipe. Unawezekana kwa mwenye hakimiliki peke yake, na hapo ndipo kisa cha mwasisi wake, Michael Widenius, kinapofundisha kuliko mihadhara. Kampuni yake iliuzwa kwa kampuni ya Sun mwaka 2008 kwa takribani dola bilioni 1, na mwaka 2010 Sun ikamezwa na Oracle. Widenius alikwisha kutoka akaanzisha MariaDB, mradi pacha, na GPL ilimruhusu kuondoka na kila mstari. Kitu kimoja hakuweza kuondoka nacho: haki ya kumuuzia mteja leseni nyingine isiyo GPL. Haki hiyo ilikwenda na hati, na hati alishaiuza. Mwasisi wa MySQL, aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo ule kwa mikono yake, akawa sawa na mtu yeyote aliyeupakua usiku wa jana.

Upande wa pili kabisa upo mfumo endeshi wa Linux. Kiini chake kiko chini ya GPL toleo la 2, hakimiliki imetawanyika kwa maelfu ya watu na kampuni, na hakuna mkataba wa mchangiaji. Tangu 2004 kinachotakiwa ni mstari mmoja chini ya kila mchango, jina na barua pepe, ukithibitisha kwamba una haki ya kukitoa unachokitoa. GPL 3 ilipotoka mwaka 2007 Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, hakuitaka. Hata angeitaka ingebidi awatafute wachangiaji wote mmoja mmoja, wakiwemo waliokwisha kufariki. Kwa hiyo hakuna bodi ya wakurugenzi itakayoamka asubuhi na kuifunga Linux. Ni ulinzi mkubwa, na ni gereza pia: kosa ukilifanya kwenye leseni siku ya kwanza, utaishi nalo.

Nisiwaonee waliobadilisha leseni. Hoja yao yenye nguvu ni kwamba Amazon imekuwa ikiuza Redis kama huduma tangu 2013, ikilipisha kwa saa, huku mishahara ya wanaoiandika usiku na mchana ikilipwa na mtu mwingine. MongoDB, kampuni nyingine ya hifadhidata, ilisema maneno ya aina hiyo mwaka 2018 ilipoandika SSPL, mojawapo ya zile 2 ambazo Redis ilizichukua 2024, leseni inayomtaka anayeiuza programu kama huduma aweke wazi si mabadiliko yake tu bali mitambo yote inayoizunguka: ya usimamizi, ya nakala rudufu, ya ufuatiliaji. Sharti hilo ni zito kiasi kwamba kwa vitendo ni katazo, na Open Source Initiative imekataa kuihesabu kuwa leseni huria. Elastic ikafuata mwaka 2021, HashiCorp mwaka 2023 kwa leseni nyingine. Msingi wa malalamiko yao naukubali: programu huria haina jibu zuri la swali la nani analipa. Ninachokataa ni kuyageuza malalamiko hayo kuwa hoja ya leseni. Tazama matokeo. Elastic ilipofunga, Amazon ilichukua toleo la mwisho la programu yake lenye leseni ya Apache ikaanzisha OpenSearch. HashiCorp ilipofunga programu yake ya Terraform, ikazaliwa OpenTofu. Redis ilipofunga, ikazaliwa Valkey. Mara zote 3 aliyekusudiwa kubanwa ndiye aliyekuwa na wahandisi na fedha za kuanzisha mradi pacha, na aliyebaki njia panda ni yule mwenye kampuni ya watu 4 Mikocheni au Kilimani, asiye na mwanasheria wa kumwambia kama bidhaa yake sasa inahesabiwa kuwa mshindani. Halafu kuna jambo la aibu kidogo. Redis Labs yenyewe iliingia kwa ukarimu uleule wa BSD ambao baadaye iliuona ni mzigo, na mmoja wa watu 5 wa kamati iliyokuwa ikiutunza mradi alikuwa akilipwa mshahara na Amazon.

Je, tuseme basi leseni za ukarimu, MIT, BSD na Apache, ni ujinga? Hapana, na mfano wa kuthibitisha tunao hapa nyumbani. DHIS2, mfumo unaokusanya takwimu za vituo vya afya, umetolewa kwa BSD na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania inautumia, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wake wanaouendeleza. Kwa leseni hiyo, tajiri yeyote angeweza kuufunga na kuuza. Hajatokea wa kufanya hivyo, kwa sababu thamani ya DHIS2 haimo kwenye msimbo. Imo kwa watu wanaojua kumfundisha mhudumu wa zahanati kujaza fomu ya mwezi, na katika uaminifu wa wizara uliojengwa kwa miaka. Na anayeushika ni chuo, hakuna mwekezaji anayemgongea mlango akidai faida ya robo mwaka. Leseni ya ukarimu mikononi mwa mwenyeji wa aina hiyo ni kitu kimoja, na maneno yaleyale mikononi mwa kampuni iliyokwisha kuchangisha mamilioni ya dola ni kitu kingine. Wakenya wa Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi lililozaliwa na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, jukwaa lao wameliweka chini ya AGPL, nao sioni walipokosea.

Anayechagua ukarimu ajue tu anachokitoa. Andrew Tanenbaum, profesa wa Amsterdam, aliutoa mfumo endeshi wake, MINIX 3, kwa BSD, na mwaka 2017 akagundua kama sisi sote kwamba Intel iliuweka ndani ya kichakataji kidogo kilichofichwa kwenye chipu zake, mamilioni kwa mamilioni ya kompyuta. Aliandika barua ya wazi yenye utani mzuri. Malipo hakuyatarajia, ila ingekuwa ungwana mtu kumtaarifu. Na leseni yake hakuijutia. Huyo alijua. Weka pembeni yake ruta ya Linksys, WRT54G. Mwaka 2003 watu waligundua ina Linux ndani, wakadai msimbo kama GPL inavyotaka, kampuni ikautoa, na kutoka hapo ukazaliwa mradi wa OpenWrt. Fundi wa Kariakoo anayeiandikia upya ruta ya zamani leo ili ifanye kazi na laini nyingine anakula matunda ya sharti moja la GPL. Ingekuwa BSD, mlango ule usingefunguka.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ninayoisikia sana kwetu: leseni ni mambo ya Wazungu, huku nani atakushtaki? Tatizo lake la kwanza ni kwamba inadhani kukosa leseni ni uhuru. Ni kinyume chake. Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni una haki zote za mwandishi, mtu mwingine hana ruhusa hata ya kuunakili, na waungwana watauacha huku wahuni wakiuchukua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipofungua mradi wangu wa zamani wa kutunza daftari la duka, wa mwaka 2017, nilikuta faili la MIT nililolibandika kwa kubofya mara moja, na pale panapotakiwa jina la mwenye hakimiliki pana mabano ya kiolezo, hayajaguswa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimetoa ruhusa kwa niaba ya mtu ambaye hayupo.

Tatizo la pili ni kwamba mahakama si mahali pekee leseni inapouma. Inauma pale mwekezaji anapotuma mtu wa kukagua msimbo wako kabla ya kutia fedha, na pale mfadhili anapodai mfumo utambuliwe kuwa mali ya umma ya kidijitali, utambuzi ambao haupatikani bila leseni huria iliyokubaliwa. Na mahakamani pia imeshauma. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani iliamua, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, kwamba masharti ya leseni huria ni masharti kweli, na anayeyavunja anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki hata kama programu ilitolewa bure. Programu yenyewe ilikuwa ya kuendeshea treni za kuchezea.

Ile hofu nyingine, kwamba ukigusa AGPL itameza msimbo wako wote, haihitaji muda mrefu. Programu yako ya kuuza tiketi inayoongea na Redis kupitia mtandao haigeuki kuwa Redis, kama vile mteja wa benki hageuki kuwa benki. Kweli Google inaikataza AGPL ndani ya nyumba yake, lakini Google ina sababu zake na wanasheria wake. Usiazime hofu ya mtu ambaye hali yake si yako.

Kwa hiyo ningemshauri nini kijana wa Dodoma au Kisumu mwenye mradi mkononi? Kama ni maktaba ndogo anayotaka itumike kila mahali, atoe kwa MIT au, bora zaidi, Apache 2.0, ambayo inagusa pia suala la hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi: anayechangia anatoa ruhusa ya hataza zake, na anayemshtaki mwenzake kwa hataza juu ya programu ileile anapoteza yake. Wanaodhani hataza ni porojo wakumbuke 2017, Facebook ilipolazimika kuihamishia React, maktaba yake ya kutengenezea kurasa za tovuti, kwenye MIT baada ya kifungu chake cha hataza kukataliwa na Apache Foundation. Kama ni mfumo mzima unaokaa kwenye seva na anahofia mwenye mtaji kuuchukua, AGPL inafaa. Hapo ndipo anapotakiwa kuamua jambo ambalo ukurasa wa kuchagulia leseni haumuulizi. Je, wachangiaji watabaki na hakimiliki zao, kama Linux? Basi hata yeye hataweza kuufunga, na watu watamwamini kwa sababu hiyohiyo. Au watampa haki zote kwa mkataba? Basi aseme wazi kwamba anajiwekea mlango wa nyuma, na asishangae wachangiaji wakiwa wachache. Kati ya hizo mbili sioni ya dhambi. Dhambi ni kuificha ya pili nyuma ya maneno matamu ya jamii na undugu.

Na wizara au halmashauri inayonunua mfumo iache kuuliza kama ni huria tu. Iulize hakimiliki inashikwa na nani, mkataba wa wachangiaji unasemaje, na kama kuna zaidi ya kampuni moja yenye uwezo wa kuuendeleza mzabuni akibadili mawazo. Valkey iliwezekana kwa siku 8 kwa sababu nje ya Redis walikuwepo tayari watu walioujua msimbo ule nje ndani. Mfumo wa leseni nzuri unaojulikana na watu 2 wa kampuni moja hauna pacha wa kuzaliwa.

Lipo swali linalotangulia yote hayo, na kwetu ndilo gumu zaidi, kwa sababu wengi tunaandika usiku kwa kompyuta ya ofisi. Sheria za hakimiliki, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, zinalinda programu za kompyuta, na msimamo wake ni kwamba kazi uliyoifanya katika ajira haki zake ni za mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Ya Kenya inataja pia kazi ya kuagizwa: aliyeagiza ndiye mwenye haki mpaka mkataba useme tofauti. Kuna vijana wameweka AGPL, wameweka MIT, wamebishana wiki nzima ipi bora, juu ya msimbo ambao kisheria haukuwa wao kuutoa. Kabla ya kufungua ukurasa wa leseni, fungua mkataba wako wa ajira, tafuta kipengele cha kazi zinazobuniwa na mfanyakazi, na kama hakieleweki peleka barua kwa bosi uombe jibu la maandishi kwamba mradi huu, kwa jina lake, ni wako.